Kupanga Nyumba Nairobi: Piga Hesabu Kabla ya Kulipa
Anayetafuta nyumba ya kupanga Nairobi asiitazame kodi peke yake, kwa sababu siku ya kuingia hudaiwa pia amana, ambayo mara nyingi ni kodi ya mwezi mmoja, na katika ploti nyingi huongezwa ile ya maji na umeme. Chumba chenye choo cha pamoja huwa nafuu kuliko bedsita, yaani chumba kimoja chenye choo chake, na mitaa ya Pipeline au Kayole huwa nafuu kuliko Kilimani. Rongai, iliyo Kajiado, hupunguza kodi, lakini nauli ya matatu huweza kuila akiba hiyo yote.

Nenda ukaione nyumba mwenyewe. Fungua bomba, uliza maji huja siku zipi, kisha hakikisha kwamba mita ya umeme wa tokeni ni ya nyumba yako pekee. Usimtumie wakala pesa kabla ya kufunguliwa mlango. Piga picha kila ufa kabla ya kuingiza kitanda, maana amana hukatwa kwa kisingizio cha rangi.

Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, huwalinda wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho leo, kusema kweli, ni nadra kukipata nje ya vyumba vya mabati. Kwa hiyo dai mkataba wa maandishi unaotaja muda wa notisi na siku ya kurudishiwa amana.