Kumbana mchawi ndani ya Silence

Silence, uchawi wa kutandaza ukimya, haimzibi mchawi mdomo. Inaziba mahali, na mwenye miguu huhama mahali. Vikundi vingi vinavyocheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu, huusahau ukweli huo, ndiyo maana uchawi huu unaonekana dhaifu kuliko ulivyo. Kumpata mchawi ndani ya ukimya ni rahisi. Kazi ni kumzuia asitoke.

Kanuni tunazozifuata hapa ni za toleo la tano, kitabu cha 2014. Silence ni ya daraja la 2, hivyo wahusika kama kasisi na malenga wanaipata wao wenyewe wakifika ngazi ya 3. Mtawa wa njia ya Kivuli naye huipata ngazi hiyohiyo, kwa pointi 2 za ki, nguvu yake ya ndani. Unatumia tendo moja na kuchagua nukta iliyo ndani ya futi 120. Ukimya unatanda futi 20 kila upande wa nukta hiyo, juu na chini pia, na unadumu hadi dakika 10 ikiwa umakini wako haujavunjika. Adui hapewi dadu ya kujiokoa. Akiwa ndani, hawezi kufanya uchawi wowote wenye herufi V kwenye maelezo yake, kwa kuwa V maana yake ni lazima atamke.

Sasa hesabu. Mchawi wa kawaida ana mwendo wa futi 30 kwa zamu. Ukiweka nukta miguuni pake, ukingo uko futi 20 tu kutoka aliposimama. Anatembea, anatoka, na tendo lake bado analo, kwa hiyo Fireball, mlipuko wake wa moto, mtaipata kama ilivyopangwa.

Ukimkuta mwisho wa ujia usiotokea kokote, tuseme wenye upana wa futi 10, usiiweke nukta juu yake. Iweke futi 15 mbele yake, upande wenu. Mgongoni ana ukuta, ubavuni ana kuta, na njia pekee ya kutokea imekuwa futi 35: 15 hadi kwenye nukta na 20 zaidi hadi ukingoni. Akitembea mwendo wake wote bado yumo. Akitaka kutoka, inambidi atumie tendo lake kukimbia, na hapo zamu yake imekwenda bure. Wapiganaji wawili wakisimama bega kwa bega wanauziba ujia huo kabisa, maana hawezi kupita kwenye mraba wa adui mwenye ukubwa kama wake.

Uwanjani hakuna kuta za kukusaidia, kwa hiyo mkamateni. Mpiganaji mwenye mkono mmoja mtupu anabadilisha pigo moja kuwa jaribio la kumkaba: Athletics yake (stadi ya nguvu) dhidi ya Athletics au Acrobatics (stadi ya wepesi) ya mchawi, mchawi akichagua mwenyewe. Akishakabwa mwendo wake ni sifuri. Kama mpiganaji ana pigo la pili, alitumie kumwangusha chini. Aliyekabwa hawezi kusimama, na kila anayempiga kwa karibu anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Wapiga mishale walio mbali, kinyume chake, wanachukua iliyo ndogo, kwa hiyo amueni mapema nani atakayeua.

Mpangilio wa zamu ndio unaoharibu mipango mingi. Ikiwa ni kasisi, mpiganaji, kisha mchawi, mambo ni mepesi: ukimya, kabari, na mchawi anaamka hana la kufanya. Ikiwa ni kasisi, mchawi, kisha mpiganaji, kasisi akitangulia mchawi ataponyoka kabla hajaguswa. Hapo mpiganaji amkabe kwanza, na kasisi aweke ukimya zamu yake inayofuata. Hatari yake ni kwamba kabla ya kukabwa mchawi ana zamu moja ya kusema Misty Step, uchawi wa kuhama ghafla, na kupotea. Hata hivyo hiyo ni nafuu kuliko kuwapa nafasi wote wawili wakose.

Kabla ya yote, angalieni Counterspell, uchawi wa kufuta uchawi wa mwingine. Inamhitaji mchawi akuone ukifanya uchawi ndani ya futi 60, na Silence ya daraja la 2 inafutwa bila hata kurusha dadu. Kasisi asimame mbali zaidi ya hapo, futi 70 au 80, maana 120 anazo. Tena Counterspell yenyewe inahitaji ishara ya mkono tu, bila neno. Mchawi aliyezamishwa kwenye ukimya bado anaweza kuufuta uchawi wa wenzako walio nje. Hili huwashtua watu kila mara.

Vingine vinavyopenya ni Minor Illusion na Hypnotic Pattern, kwa sababu navyo havina V. Mchawi aliyezaliwa na uchawi wake (sorcerer) na kujifunza Subtle Spell, yaani kufanya uchawi bila kutamka, analipa pointi moja tu na kuendelea kama hakuna kilichotokea. Fimbo ya Magic Missile inafanya kazi vilevile, lakini kifaa kinachoamshwa kwa neno la siri hakiamki. Pumzi ya joka haihusiki kabisa. Faida mnayoipata ni kubwa hata hivyo: Shield, Misty Step na Dimension Door zote zinahitaji sauti, kwa hiyo mishale inaingia na mlango wa kukimbilia umefungwa.

Gharama inaangukia upande wenu pia. Kasisi hawezi kushikilia Bless wala Spirit Guardians, ambazo nazo zinadai umakini, kwa wakati huohuo, na kila akijeruhiwa anarusha dadu dhidi ya 10 au nusu ya majeraha, ile iliyo kubwa. Ajifiche nyuma ya nguzo mara tu anapomaliza. Aliye ndani haponywi kwa Healing Word na mwenzake aliye ndani naye, na Thunderwave au Shatter, zinazoumiza kwa mshindo wa sauti, hazina maana humo hata zikitoka nje. Kama adui ni wapiganaji kumi na mchawi mmoja wa ngazi ya chini, iacheni Silence mkatumie Bless.

Wanaotoka kwenye toleo la 3.5 wana mazoea ya kuitia Silence kwenye kijiwe na kukirusha. Kule ilikubalika. Hapa ukimya haubebeki. Katika toleo la pili la Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hiyohiyo, mambo yamegeuka tena: unamgusa mwenzako aliyekubali, na ukiipandisha hadi daraja la 4 ukimya unatanda futi 10 kumzunguka. Mpe mkabaji wenu, na mchawi akikimbia afuatwe nao.