Kuachana bila vita: cha kuweka tayari kabla wazee hawajaketi

Wengi hapa Lubumbashi wanakosea jambo moja: wanadhani mahari ikirudi, ndoa imekwisha. Ndoa iliyoandikishwa komini, ofisi ya serikali ya mtaa, inavunjwa na tribinali (mahakama) peke yake, na huko tribinali ya amani hakimu ataanza kwa kujaribu kuwapatanisha. Lakini mkifika kwake mmeshakubaliana nyumbani, kwenye kikao cha wazee wa pande zote mbili, juu ya watoto na mali, hamtabaki na mengi ya kugombania.

Kama kuna kipigo, kikao hiki si chenu. Anayemwogopa mwenzake atakubali lolote ili atoke mlangoni. Huyo alale kwa ndugu zake, kesi ifunguliwe.

Wengine, toeni karatasi mapema: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karatasi za parseli, yaani za kiwanja. Pigeni fotokopi, seti moja ikae kwa mtu asiye na upande. Karatasi za parseli zina tabia ya kupotea wiki ya kikao.

Halafu mali. Kama siku ya ndoa hamkuchagua mpango wa mali, Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawahesabu kuwa mnashirikiana mlichochuma ndani ya ndoa. Cha urithi kinabaki cha aliyerithi. Ugumu unakuja pale bwana aliporithi kiwanja Katuba, kisha mkajenga wote wawili, chumba baada ya chumba. Hapo tafuteni risiti za simenti na mabati, na fundi aliyejenga aulizwe. Na wapangaji je? Andikeni nani anapokea kodi yao mpaka mambo yaishe, la sivyo mtagombana kila mwisho wa mwezi.

Watoto wasiketi kikaoni. Amueni watalala wapi wakati wa masomo, nani analipa minervali (ada ya shule), na baba anayefanya kazi Kolwezi atawaona lini. Kiasi cha kila mwezi kitajwe ni dola au franka.

Wasemaji wawili kila upande wanatosha, pamoja na wasimamizi wa ndoa. Mambo ya mahari yaje mwisho. Yakitangulia, hamtafika kwa watoto.

Mapatano huandikwa kwa Kifaransa. Yasomwe kwa Kiswahili, polepole, kabla mtu hajatia sahihi, na shangazi asiyejua kusoma aachwe aulize hata mara tatu.