Picha nyeusi na nyeupe za mapumziko kando ya Ziwa Kivu, Goma

Jumapili mchana ziwani, macho hushikwa na rangi: vitenge, bidoni (madumu) za njano ambazo watoto wanaogelea nazo, maji ya buluu. Ukipiga nyeusi na nyeupe, hayo yote yanaondoka. Kitenge chekundu mbele ya majani mabichi kinaweza kugeuka kijivu kilekile cha majani. Kwa hiyo tafuta penye mwanga na penye kivuli.

1. Nenda saa kumi jioni. Goma iko karibu na ikweta; saa sita jua liko utosini na macho ya watu yanazama kwenye giza. Jioni mwanga unatoka ubavuni. Lakini usichelewe, kwani mwaka mzima jua huzama karibu saa kumi na mbili.

2. Omba ruhusa kwanza. "Mama, samahani, naomba kupiga watoto picha." Akikataa, mshukuru na uendelee na safari yako. Bandari na askari usiwapige picha.

3. Weka skrini ya kamera kwenye nyeusi na nyeupe, lakini hifadhi faili la RAW, yaani picha ghafi, ili rangi zibaki ndani. Kwenye simu, piga kwa rangi, ubadilishe baadaye.

4. Sasa mwangaza, na hapa ndipo picha nyingi za Goma zinaharibika. Kamera hudhani kila kitu ni cha kijivu. Jiwe jeusi la volkano likijaa kwenye picha, itaongeza mwanga mpaka jiwe lifanane na majivu, na shati jeupe lipoteze mikunjo yake. Kwenye kipimo cha mwangaza (+/-), punguza hadi -1. Gauni jeupe au maji yanayometa yakijaa, fanya kinyume: +1.

Mtoto akitoka majini, simama pale ambapo jua liko ubavuni mwake. Kila tone begani linakuwa nukta nyeupe juu ya ngozi nyeusi. Kasi ya shata iwe 1/500 ya sekunde; akiruka, 1/1000.

5. Wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wakitoka jioni na mitumbwi yao iliyofungwa pamoja, pima mwanga wa anga, si wa watu. Ile miti mirefu ya mitumbwi itajichora yenyewe, nyeusi mbele ya anga.

6. Kwenye programu ya kuhariri picha, shusha mwangaza wa buluu: anga linakolea, mawingu yanatokeza. Rangi ya chungwa ndiyo inayogusa ngozi, na nakusihi usiipandishe ovyo. Programu nyingi zinapenda kung'arisha watu wetu. Ngozi nyeusi ibaki nyeusi, ing'ae pale tu jua lilipoigusa. Bidoni ikivuta jicho kuliko uso, shusha njano peke yake.