Foklifti kwenye saiti ya udongo: kwa opereta aliyezoea ghala

Wiki iliyopita nilikuwa na kijana aliyejifunzia foklifti ghalani, kwenye sakafu ya zege iliyonyooka. Saiti yetu ni mashimo, kifusi na udongo wa mfinyanzi. Nilimpitisha hivi.

1. Itembee njia kwa miguu kwanza. Mtaro uliofukiwa juzi ukanyage kwa nguvu: kisigino kikizama, tairi litazama zaidi. Nyaya za umeme ziko juu, kwa hiyo inua na macho.

2. Upepo wa tairi pima kwa geji. Habari ya kupiga teke sitaki kuisikia. Tairi moja likilegea, mlingoti wote, ile nguzo ya mbele inayopandisha uma, unalalia upande huo.

3. Soma bati la uwezo, lile lililoandikwa mashine inabeba uzito gani. Mifuko 40 ya saruji ya kilo 50 ni tani 2. Mashine ya tani 3 inaibeba, lakini kwa mbao ndefu hizo tani 3 hupungua, maana uzito umesogea mbele.

4. Mkanda.

5. Mlimani, mzigo utazame juu: panda kwa mbele, shuka kwa rivasi. Usikate kona mteremkoni.

6. Kuinua. Hapa ndipo nilipoteza nusu siku. Ilikuwa masika, paleti ya tofali iko juu, gurudumu la kushoto likaanza kuzama. Mkono unakutuma urudi nyuma haraka. Usithubutu! Nilishusha taratibu, usukani sikuugusa, kisha tukachimba hadi alasiri. Fanya hesabu: mzigo ukiwa mita 4 juu, ardhi ikiinama nyuzi 3 tu, umeshahama sentimita 21 kwenda pembeni. Tangu siku ile nimebandika pima maji ndogo mbele ya usukani. Kiputo chake kisipokaa katikati, siinui. Nainua kidogo tu, nasubiri, msaidizi anakagua tairi akiwa mbali na mzigo, ndipo naendelea. Palipo laini namwaga kifusi na kukishindilia. Mbao za kutandika chini ya tairi zikilowa huteleza, ingawa wenzangu wengi wanazipenda. Na kama mashine yako ina kilinganishi cha fremu, yaani kifaa cha kuinyoosha mashine ikiwa imeinama pembeni, kitumie mzigo ukiwa chini. Ukiwa juu, usikiguse kabisa.

7. Ikianza kupinduka, usiruke, maana paa la kabini litakukuta chini. Kamata usukani, kaza miguu, egemea upande isikoangukia.

8. Kuegesha: uma chini kabisa, breki ya mkono, funguo mfukoni. Vibarua hapa wakiuona ufunguo kwenye swichi, wanajaribu.