Jinsi ya kujua ile taa uliyoiona angani usiku ni kitu gani

Shangazi yangu wa Kilwa alinipigia simu. Sijamaliza hata kumwamkia, akaanza: "Mwanangu, usiku wa Ijumaa tumeona taa zimefuatana angani kama shanga kwenye uzi, kimya kabisa, zikaishia huko huko juu. Ni nini zile?" Nikamwambia kwa kujiamini kwamba jibu atalipata kabla ya kula. Alilipata baada ya siku tatu. Huu hapa utaratibu ninaoutumia tangu hapo.

Hatua ya 1: Weka simu mfukoni

Najua vijana watanibishia, lakini video ya simu haijawahi kunisaidia hata mara moja. Ukivuta picha, nyota ya kawaida inatoka kama duara linalopumua, na kesho yake inazunguka WhatsApp ikiitwa chombo cha ajabu.

Simama karibu na kitu kisichotikisika, kona ya nyumba au nguzo ya umeme (mnazi hapana, unayumba), kisha uilinganishe taa na ukingo wake. Jicho likikodolea nukta moja gizani hudanganyika, nukta iliyotulia ikaonekana inacheza. Ikihama taratibu sana kuelekea magharibi, kiasi cha ngumi moja na nusu ya mkono ulionyooshwa kwa saa nzima, hiyo ni nyota au sayari.

Hatua ya 2: Imekaa muda gani?

Sekunde chache tu: kimondo. Dakika mbili hadi sita, mwendo ule ule, bila kupepesa: setilaiti. Nyekundu na kijani pamoja na nyeupe inayowaka na kuzima: ndege. Taa nyingi zimetulia chini kabisa upande wa bahari: wavuvi wa dagaa. Ya mwisho inachekesha, lakini ukungu ukifuta mstari wa bahari, taa zao huonekana zinaelea hewani.

Ikikaa saa nzima inang'aa magharibi jioni, au mashariki alfajiri, anza na sayari ya Zuhura. Ila Zuhura haiachani na jua zaidi ya nyuzi 47, kwa hiyo anayekuambia ameiona saa sita usiku huku kwetu ameona kitu kingine, labda Mshtarii, sayari nyingine. Nyota inayobadilika rangi, nyekundu, bluu, kijani, huwa ni Sirius ikiwa chini, na hewa ndiyo inayoichezea.

Hatua ya 3: Saa, usiku na mahali

Hapa ndipo zilipoishia zile siku tatu, kwa hiyo soma polepole.

Mimi natumia tovuti ya Heavens-Above. Zipo programu za kuelekeza simu angani, na Stellarium ni nzuri kwa sayari, lakini dira ya simu yenye kava la sumaku itakuonyesha kaskazini ilipo kusini. Heavens-Above inakupa orodha ya setilaiti zinazopita juu ya mahali ulipo: saa, upande wa kutokea, kimo cha juu, upande wa kuishia. Basi.

Tatizo ni kwamba usipoiambia uko wapi, inakuweka kwenye sifuri nyuzi kwa sifuri nyuzi, yaani katikati ya bahari, kusini ya Ghana, na saa inazokupa ni za UTC, yaani saa ya kimataifa. Mimi sikuona. Shangazi alisema saa moja na dakika ishirini usiku. Nikatafuta 19:20, hakuna kitu. Kumbe kwa UTC ile ni 16:20, maana Afrika Mashariki tuko mbele saa tatu. Nikarekebisha saa, nikasahau mahali, kwa hiyo orodha ikawa ya samaki wa Ghuba ya Guinea. Siku nzima imepotea.

Weka mahali kwanza. Hakikisha saa zimebadilika. Ndipo ugeuze saa ya Kiswahili: usiku wetu ongeza kumi na nane, saa moja iwe 19, saa mbili iwe 20. Kuanzia saa saba usiku unapunguza sita tu: saa kumi alfajiri ni 04:00, na tarehe imeshageuka.

Bado sikupata kitu. Nilikuwa natafuta Ijumaa jioni. Kwa shangazi, kama kwa wazee wengi wa pwani, siku inaanza jua linapozama, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni Alhamisi kuamkia Ijumaa. Siku hizi simuulizi mtu "usiku gani?" Nauliza, "Kesho yake asubuhi ilikuwa siku gani?"

Hatua ya 4: Linganisha

Nilipofungua Alhamisi, zilikuwepo: setilaiti za Starlink, zile za intaneti za kampuni ya SpaceX, zilizorushwa siku chache nyuma, kutoka kusini magharibi kwenda kaskazini mashariki. Tangu kundi la kwanza la 60 mwezi Mei 2019 zimekuwa zikirushwa kwa mafungu, na siku za mwanzo hufuatana kwa mstari kabla ya kutawanyika na kupanda juu zaidi. Kwa kuwa zinaendelea kupandishwa, saa ya kwenye orodha inaweza kukosea kwa dakika kadhaa. Toka nje mapema.

Kwenye safu ya mwangaza, namba ikiwa ndogo ndiyo kali zaidi, na zenye alama ya kutoa ndizo kali kabisa.

Nikampigia shangazi. Nikamweleza kwamba zile taa hazina moto wowote, zinapigwa na jua ambalo sisi huku chini limeshatuzamia, na zilipopotea zilikuwa zimeingia kwenye kivuli cha dunia.

"Kwa hiyo zilikuwa bado zipo pale juu yetu?"

Zipo, shangazi, zinaendelea na safari gizani.

"Na mimi nikaenda kulala."