Kianzio, mwamba na barua ya madai: fundi na mwenye nyumba Mwanza

Ugomvi wa malipo katika ujenzi wa Mwanza mara nyingi huanzia kwenye msingi. Fundi anapiga bei akiwa amesimama juu ya kiwanja, kisha anachimba futi mbili na kukutana na mwamba. Kuuvunja kwa nyundo na tindo, au kuuchoma moto na kuumwagia maji hadi upasuke, ni siku kadhaa ambazo hazikuwemo kwenye bei. Anaomba nyongeza, na mwenye nyumba anaona anaibiwa. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli kabisa, na bado wakaishia mahakamani.

Kwa hiyo, kabla ya kutaja bei, chimbeni mashimo ya majaribio kwenye pembe nne na katikati, hadi kina cha msingi. Kwenye viwanja vya mlimani kama Igogo au Bugarika, usiruke hatua hii. Kisha iandikwe hivi: mwamba ukionekana, kazi inasimama, unapimwa urefu, upana na kina, na bei ya kuuvunja inakubaliwa kwanza. Andikeni pia mawe yanayotoka ni ya nani, maana hayo ni mali: yanajenga msingi au yanagongwa kuwa kokoto. Fundi akiyauza bila kuuliza, imani imekwisha siku hiyohiyo.

Baada ya hapo, pimeni kazi kwa namba. Ukuta wa tofali la inchi 18 kwa 9 unakula matofali kama 10 kwa kila mita ya mraba, hivyo ukuta wa mita 4 kwa 3 usio na dirisha ni kama 120. Semeni mapema kama nafasi za milango na madirisha zinatolewa kwenye hesabu ya ufundi. Mafundi wengi hawazitoi, kwa sababu kunyoosha kingo kunakula muda, na hoja hiyo ni ya haki ikisemwa mwanzoni. Jamvi, yaani sakafu ya zege, la chumba cha mita 4 kwa 3, unene wa sentimita 10, ni zege la mita za ujazo 1.2. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hiyo ni mifuko 8 hivi ya saruji ya kilo 50. Ukiombwa 12, uliza minne inakwenda wapi. Ukiambiwa mitano inatosha, ogopa zaidi, kwa sababu jamvi hilo litapasuka. Mchanga usiuhesabu kwa tripu tu: pima bodi ya gari, kwa kuwa tripu ya kenta na ya fuso hazifanani.

Kianzio cha ufundi, yaani malipo ya kwanza kabla ya kazi, kisizidi asilimia 20. Kinachobaki kilipwe kwa hatua: msingi, jamvi, linta, kupaua, plasta. Shikilia asilimia 10 hadi paa lipigwe na mvua kubwa za vuli, Oktoba hadi Desemba, au za masika, Machi hadi Mei, na tarehe ya mwisho ya kuilipa iandikwe ili fundi asizungushwe. Kila hatua ikikaguliwa ilipwe ndani ya siku tatu. Iandikwe kwamba ikipita hapo, fundi anaweza kusimamisha kazi. Vifaa anunue mwenye nyumba mwenyewe na adai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi.

Makubaliano ya mdomo ni mkataba pia, ila kuyathibitisha ndiko kugumu. Kila malipo yafuatwe na ujumbe: "Nimepokea laki 4 ya linta, imebaki laki 6." Usiufute, na usibadili simu bila kuuhifadhi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo mahakamani.

Mkishagombana, simamisheni kazi, pigeni picha, mwite fundi mwingine asiye na upande, pimeni pamoja. Hesabu ni rahisi: kazi ya milioni 3 iliyofika asilimia 60 ina thamani ya milioni 1.8. Kama fundi alilipwa milioni 2.2, anadaiwa laki 4. Anayedai arudishiwe milioni 2.2 zote anaharibu madai yake mwenyewe. Fundi asing'oe mabati wala milango, na mwenye nyumba asizuie vifaa vya fundi: deni linaweza kugeuka kesi ya jinai. Polisi nao si wakusanya madeni. Huko nenda kama pesa ilichukuliwa kwa uongo tangu mwanzo, kwa mfano mtu aliyekuuzia mifuko ya saruji ambayo hakuwa nayo.

Serikali ya mtaa inaweza kuwasuluhisha. Mkiafikiana, andikeni kiasi na tarehe, msaini wote na mashahidi. Isipowezekana, peleka barua ya madai yenye kazi, kiasi, malipo yaliyofanyika na siku 14 za kulipa, na nakala isainiwe na aliyeipokea. Hatua inayofuata ni Mahakama ya Mwanzo, ambako kesi huendeshwa kwa Kiswahili na unaweza kujisimamia bila wakili. Rufaa ni ndani ya siku 30. Ukishinda na mdaiwa asilipe, omba kukaza hukumu, yaani mahakama imlazimishe kulipa. Wengi huishia kushika karatasi ya ushindi kwa kutojua hilo. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, lakini usingoje: mashahidi huhama na kuta hupigwa plasta.

Ukitaka wakili, tafuta jina lake kwanza kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, maana vishoka, yaani mawakili wa uongo, wapo. Ada iandikwe: inahusu barua tu, au kesi hadi hukumu, au na kukaza hukumu? Nauli na ada za mahakama ziko ndani au nje? Dai risiti. Kwa deni la laki 3, wakili anaweza kukugharimu kuliko unachodai; Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada wa bure kwa wasio na uwezo. Pesa anayolipa mdaiwa ipite kwenye akaunti ya wateja ya ofisi ya wakili, isipite kwenye simu yake binafsi, na upewe hesabu ya maandishi. Akiikalia, mwandikie barua, na asipojibu malalamiko yanakwenda Kamati ya Mawakili, yakiambatana na risiti na ile karatasi ya ada.