Kumchagua mpiga picha wa kujifungua
Kabla ya kumlipa mpiga picha malipo ya awali, uliza hospitali unakotarajia kujifungulia kama inaruhusu kamera chumbani, kwa kuwa katika wodi za pamoja wamo akina mama wengine ambao faragha yao haipaswi kuguswa hata kidogo. Anayefaa ni yule aliye tayari kuitwa usiku wa manane kuanzia wiki ya 38, anayepiga bila flashi kwa lenzi inayopokea mwanga mwingi, mathalani ya f/1.8, na anayempisha mkunga bila kuambiwa. Omba kuona picha zote za uzazi mmoja, si zile bora tu. Mkataba utamke kwamba hakuna picha itakayowekwa mtandaoni bila idhini yako ya maandishi. Nchini Tanzania, rejea Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.